Jinsi ya kuchukua na kuhesabu sampuli ya mwani wenye sumu baharini

Watu wengi hungoja bahari igeuke rangi ndipo waulize kama kome wanalika. Hapo mara nyingi wamechelewa. Alexandrium, mwani wa seli moja unaotengeneza saksitoksini, unaweza kuwatia kome sumu ukiwa na seli mia chache au elfu chache tu kwa lita, na maji bado ni maangavu kiasi cha kuuona mchanga chini. Noctiluca scintillans ni kinyume chake: huipaka bahari wekundu wa nyanya, usiku ikawaka kila kasia linapogusa maji, lakini haiwatii kome sumu. Samaki inaweza kuwadhuru kwa amonia na kwa kupunguza oksijeni, ila anayekula kome haimgusi. Ndiyo maana sitoi neno lolote kuhusu usalama kabla sijatia maji kwenye chupa na kuyapeleka chini ya hadubini.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashua au gati, hadubini ya kawaida na subira. Hautakuwezesha kupima sumu yenyewe, kwani hiyo ni kazi ya maabara yenye mitambo yake. Utakuwezesha kujua lini kome wapelekwe huko haraka, na lini watu wazuiwe kuvuna hata kabla majibu hayajarudi.

Vifaa

Neti ya planktoni (viumbe vidogo vinavyoelea majini) yenye matundu ya mikromita 20, bomba laini la plastiki la mita 10 lenye uzito na kamba upande mmoja, ndoo safi, chupa za kioo cha rangi ya kahawia za mililita 250, silinda ya kupimia ya mililita 100, kipimajoto, sahani ya Secchi (ya kupimia uangavu wa maji), chumba cha kuhesabia seli chini ya hadubini cha Sedgewick-Rafter na myeyusho wa Lugol, dawa ya iodini ya kuhifadhi seli.

Lugol nautengeneza mwenyewe. Yeyusha gramu 100 za iodidi ya potasiamu katika lita 1 ya maji yaliyokenekwa, ongeza gramu 50 za iodini, koroga hadi iishe kabisa, kisha tia mililita 100 za asidi ya asetiki kali. Fanya kazi hii penye hewa ya kutosha, ukiwa na glavu na miwani ya kinga. Mvuke wa iodini huunguza macho.

Hatua ya 1: Itazame bahari kwanza

Andika saa, hali ya maji (yanajaa au yanakupwa), upepo, joto la maji, na kina ambacho sahani ya Secchi inapotea machoni. Andika rangi na harufu. Ukiona vumbi la kahawia lililotandaa juu kama unga wa mbao, huenda ni Trichodesmium, bakteria wa baharini wanaofanana na mwani. Samaki waliokufa na ndege wanaoyumba uwaandike pia, pamoja na idadi yao.

Koo likianza kuwasha na macho kuchonyota upepo unapotoka baharini, ondoka. Mawimbi huzipasua seli za Karenia brevis, mwani mwingine wenye sumu, na sumu yake husafiri na manyunyu hadi ufukweni. Mwenye pumu asikusaidie siku hiyo.

Hatua ya 2: Chota maji ya kina chote

Kazi nyingi huharibikia hapa, na hesabu nzuri haiwezi kuiponya sampuli mbaya. Dinoflajelati, kundi la mwani wa seli moja ambamo Alexandrium yumo, wana mikia na huogelea. Wengi hupanda juu mchana kufuata mwanga na kushuka usiku. Dinophysis, mmojawapo wa hao wenye sumu, mara nyingi hujikusanya katika tabaka jembamba mita kadhaa chini, huku maji ya juu yakiwa karibu matupu. Mwaka mmoja nilichota kwa ndoo kutoka gatini wiki tatu mfululizo, nikaandika kila mara kwamba hapakuwa na kitu. Kome wa mahali hapohapo walipopimwa, walikutwa na asidi ya okadaiki, sumu ya Dinophysis. Mwani ulikuwepo wiki zote hizo, chini ya ndoo yangu. Tangu hapo situmii maji ya juu peke yake.

Shusha bomba polepole, upande wenye uzito ukitangulia na ncha zote mbili zikiwa wazi, ili maji yaingie kwa mpangilio wa kina chake. Likifika mwisho, ziba ncha ya juu, kisha vuta ncha ya chini kwa kamba yake hadi itoke majini. Mimina yote kwenye ndoo, koroga taratibu kwa mkono wenye glavu, na ujaze chupa mara moja kabla seli hazijazama. Acha nafasi kidogo juu ili uweze kuitikisa baadaye.

Kama kuna baka la rangi linaloonekana, chukua chupa ya pili ndani ya baka na ya tatu nje yake, kila moja na lebo yake. Usizichanganye ili kupata wastani: kome walio chini ya lile baka hawali wastani. Rudi mahali palepale kila wiki, saa ileile kadiri uwezavyo.

Hatua ya 3: Vuta neti, na uwatazame wangali hai

Neti haikupi idadi. Kazi yake ni kukuonyesha nani yupo, hata aliye adimu. Ivute wima kutoka chini hadi juu mara mbili tatu, tia ulichopata kwenye chupa bila dawa, ifunike isipigwe na jua, na uitazame ndani ya saa chache.

Usiiruke hatua hii hata ukichoka. Seli hai hukuonyesha rangi yake na namna inavyozunguka, na ishara hizo hupotea Lugol ikishaingia. Chattonella, muuaji mkubwa wa samaki wa kufugwa kwenye vizimba, huharibika umbo ndani ya dawa kiasi kwamba hutamtambua tena.

Gambierdiscus, chanzo cha sumu ya sigwatera kwenye samaki wa miamba, hutampata kwa neti kwa sababu hukaa juu ya majani ya mwani mkubwa sakafuni. Chuma majani hayo, yatie kwenye mfuko wenye maji ya bahari, yatikise kwa nguvu, chuja takataka, na utazame maji yaliyobaki.

Hatua ya 4: Hifadhi

Tia mililita 1 ya Lugol kwenye chupa ya mililita 250. Maji yawe na rangi ya chai hafifu isiyo na maziwa. Yakiwa meusi, seli nazo zitakuwa nyeusi na hutaona mifereji wala sahani za ganda. Weka gizani penye ubaridi. Rangi ikififia baada ya wiki kadhaa, ongeza matone.

Hatua ya 5: Tuliza, kisha hesabu

Chumba cha Sedgewick-Rafter hubeba mililita 1 tu, kilichogawanywa katika miraba 1,000. Ukikijaza maji kama yalivyo, seli moja utakayoiona ni sawa na seli 1,000 kwa lita. Maana yake, Alexandrium wa hatari wanaweza kuwepo na ukaandika sifuri.

Kwa hiyo geuza chupa juu chini taratibu mara nyingi, jaza silinda hadi mililita 100, na uiache siku mbili pasipo mtikisiko. Kisha nyonya mililita 90 za juu kwa mrija mwembamba, ncha ikiwa karibu na uso wa maji, usiguse mashapo. Zilizobaki ni mililita 10, na sasa seli moja chumbani ni sawa na seli 100 kwa lita. Ukikuta Alexandrium 7 katika chumba kizima, andika 700 kwa lita, kisha jaza chumba cha pili na cha tatu uone kama vinakubaliana. Ukihesabu seli 100, kosa ni takriban asilimia 20. Ukifika 400, hushuka hadi asilimia 10. Saba peke yake ni onyo, lisichukuliwe kama kipimo kamili.

Hatua ya 6: Soma namba kwa mujibu wa jina

Namba bila jina la mwani haisemi kitu. Florida hufunga uvunaji wa chaza Karenia brevis ikizidi seli 5,000 kwa lita. Dinophysis mia chache zinatosha kunifanya nipeleke kome maabara. Kwa Alexandrium, mimi nachukua hatua nikiiona tu. Pseudo-nitzschia, mwani mwembamba wa kundi la diatomu, ni ngumu zaidi: kwa hadubini ya kawaida huwezi kutenganisha spishi zenye sumu na zisizo nayo. Mwaka 1987, kome wa Prince Edward Island, Kanada, waliokuwa na sumu ya asidi ya domoiki kutokana na mwani huo waliwaua watu watatu na kuwafanya zaidi ya mia wengine waugue. Zikiongezeka wiki hadi wiki, usingoje.

Mipaka inayotumika sana kwa nyama ya kome ni mikrogramu 800 za saksitoksini kwa kilo, miligramu 20 za asidi ya domoiki kwa kilo, na mikrogramu 160 za asidi ya okadaiki kwa kilo.

Hatua ya 7: Waambie watu, siku hiyohiyo

Waambie wavunaji waziwazi kwamba moto hauondoi sumu hizi. Mwezi Juni 1793, mabaharia wa George Vancouver walikula kome wa kuchoma kwenye pwani ya British Columbia, na John Carter akafa saa chache baadaye. Mtu akihisi ganzi midomoni na kwenye vidole baada ya kula, apelekwe hospitali papo hapo. Saksitoksini haina dawa ya kuiondoa, bali mgonjwa akisaidiwa kupumua kwa wakati ana nafasi nzuri ya kupona.

Mwani ukitoweka majini, usifungue uvunaji kwa kuangalia chupa yako. Kome hujisafisha kwa wiki kadhaa, lakini Saxidomus gigantea, aina ya chaza mkubwa wa Pasifiki ya Kaskazini, hushikilia saksitoksini kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Subiri majibu ya nyama, kwa kila aina inayovunwa, yawe chini ya mipaka hiyo mara mbili mfululizo. Wakati huo wote endelea kushusha bomba kila wiki.