Achana na "Kuna Changamoto?": Namna ya Kumuuliza Mfanyakazi Kuhusu Kazi Yake

Nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi Dar es Salaam. Nina watunza stoo wawili, wapakiaji watano, madereva wawili na karani wa mauzo. Kila mmoja nakaa naye dakika 20 kwa mwezi tuzungumzie kazi yake. Mwaka wa kwanza vikao vile vilikuwa bure kabisa. Nauliza, "Kuna changamoto yoyote?" Najibiwa, "Hamna, bosi, tunaenda vizuri tu." Tunashukuriana, tunaagana, kesho yake mzigo umepungua.

Nilichelewa kugundua kwamba swali lile ni ndugu wa "habari za asubuhi". Jibu lake ni "nzuri" hata kama mtu amekesha na mtoto mgonjwa.

Hatua ya 1: Tafuta wakati na mahali

Fuso ikiwa inasubiri kupakiwa, usimwite mtu. Mimi hutumia Alhamisi baada ya chakula cha mchana, kwenye benchi la nje, kwa sababu kwetu anayeitwa ofisini huingia akijiuliza amekosa nini. Na kama uliye naye amekuzidi umri, cheo hakifuti shikamoo. Mtunza stoo wangu mmoja ni rika la baba yangu. Namwamkia, namwita Mzee, ndipo tunafungua daftari.

Hatua ya 2: Njoo na matukio mawili

Kabla ya kikao pitia leja ya stoo, kitabu cha kutolea mzigo na daftari la mafuta ya magari. Chagua tukio moja lililokwenda vizuri na moja lililokwenda vibaya, uanze na lile zuri. "Unafanya kazi nzuri" haisaidii, maana hajui umesifu nini. Sema hivi: "Jumanne ile mvua ilipoanza, saruji haikulowa hata mfuko mmoja. Mlifanyaje?" Atakueleza nani alikimbilia turubai na nani alikuwa amekwisha kupanga mifuko juu ya mbao tangu asubuhi. Hapo unajua kazi inashikiliwa na nani, jambo ambalo leja haisemi.

Hatua ya 3: Uliza kilichotokea

Mtu akiulizwa maoni hukupa heshima. Akiulizwa habari ya tukio hukupa habari. Haya ndiyo maswali ninayoyatumia:

- "Wiki hii ni kazi gani uliirudia mara mbili?"
- "Siku gani ulichelewa kutoka? Nini kilikushika?"
- "Ni kitu gani ulikihitaji ukakikosa, ikabidi uazime au usubiri?"
- "Ukimfundisha mgeni kazi yako kesho, ungemwonya kuhusu nini kwanza?"

La mwisho nalipenda kuliko yote. Dereva wangu alijibu, "Ningemwambia asiamini kipimo cha mafuta cha gari la pili." Mimi nilikuwa na miezi natilia shaka matumizi yake ya dizeli.

Hatua ya 4: Weka kando "kwa nini" na "mbona"

Hapa ndipo wasimamizi wengi tunapojikwaa. "Kwa nini" kutoka kwa mkubwa ina harufu ya mashtaka, na "mbona" imeshatoa hukumu kabisa. Niliwahi kumwuliza mzee wa stoo, "Mbona bati za geji 28 zimepungua 12?" Akasikia nimemwita mwizi. "Mimi sijui, bosi. Waulize wa zamu nyingine." Kikao kikafa pale pale.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa mlango mwingine. "Mzee, hebu nipitishe. Mteja akileta risiti ya bati, inakuwaje mpaka zinapanda gari?" Akanipitisha. Geji 28 na geji 30 za rangi nyekundu zimelazwa pamoja, karatasi za alama zimebanduka, na taa ya kona ile imeungua muda mrefu. Kwa hiyo mpakiaji anapapasa. Mteja amelipia geji 30, anaondoka na 28, ambayo ni nene na ghali zaidi. Kumbe taa ndiyo iliyokuwa ikitula.

Kwa hiyo tumia "ilikuwaje", "inakuwaje", "nianzie pale ulipo...". Kisha nyamaza. Hesabu kumi moyoni ukibidi. Jibu la kwanza huwa la adabu, la pili ndilo lenye nyama.

Hatua ya 5: Andika, na usichanganye na nidhamu

Mistari mitatu inatosha: alichosema, atakachofanya, utakachofanya wewe. Msomee aithibitishe. Kikao kijacho anza na ahadi yako: "Nilisema nitaleta taa. Imefungwa?" Usipoitimiza, usitarajie akuambie la pili.

Ikiwa kazi ya mtu imeshuka kweli, mwite kikao kingine na umweleze wazi kinahusu nini. Kwa Tanzania, Kanuni za Utendaji Bora za 2007, zilizo chini ya sheria ya ajira na mahusiano kazini, zinamtaka mwajiri achunguze chanzo, atoe mwongozo na muda wa kurekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni, na mfanyakazi ana haki ya kusaidiwa na mwenzake. Ukiligeuza benchi la Alhamisi kuwa baraza hilo, utarudi kwenye "hamna, bosi".

Hatua ya 6: Jiulizie na wewe, lakini kwa kuzunguka

"Nikosoe" ni swali gumu kwa mtu aliyelelewa asimjibu mkubwa. Mimi huuliza, "Siku nisipokuwepo, ni kitu gani kinakwenda haraka zaidi?"

Karani alicheka kwanza. "Foleni, bosi. Ukiwepo kila mteja anataka akuone wewe apate punguzo, na mimi nasimama nasubiri." Tukakubaliana kiwango cha punguzo atakachotoa mwenyewe bila kuniuliza, nikakiandika kwenye daftari, na nikahamisha kiti changu kutoka karibu na kaunta.