Kompyuta ya kazi inazima ghafla baada ya apdeti? Usikimbilie kufomati

Jamani watu wengi mashine ikianza kuzima zima baada ya apdeti wanafomati hapohapo, siku nzima inaisha wakirudisha programu zao, halafu apdeti ileile inajishusha tena na shida inarudi palepale. Tafuta kwanza nini kimebadilika na kilibadilika siku gani.

Ila kabla hujagusa chochote kopi kazi zako kwenye diski ya nje. Na kama diski imefungwa na BitLocker, ile kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, namba yake ya kufungulia ya tarakimu 48 uwe nayo pembeni, bila hiyo unaweza kukwama mlangoni kabisa.

Haya, kwa wa Windows, bonyeza Start andika reliability, fungua View reliability history. Utaona siku zimepangwa kwa safu, siku mashine ilipozima ina alama nyekundu ya X, na ukibonyeza siku yoyote chini inakuonyesha apdeti zilizoingia. Yangu ya kurenda ilikuwa inazima kila nikifungua projekti kubwa, nikahisi ramu, nikahisi joto, nikaifungua nikapuliza vumbi lote wapi, kumbe X ya kwanza ilikuwa Jumatano na Jumanne usiku iliingia draiva mpya (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya grafiki. Nikaenda Device Manager, Display adapters, raiti kliki kwenye kadi, Properties, Driver, Roll Back Driver, nikarestati, ikatulia mpaka leo. Hicho kitufe kikiwa kimefifia ujue draiva ya zamani haipo kwenye mashine, kashushe toleo la nyuma kwenye tovuti ya waliotengeneza kadi.

Ukiingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, ukakuta Kernel-Power 41 usidhani umepata mchawi, hiyo inasema tu mashine ilizima bila utaratibu, haisemi kwa nini, we soma mistari ya dakika chache kabla yake. Skrini ya bluu ikitokea ipige picha na simu haraka, VIDEO_TDR_FAILURE kwa mfano ni mambo ya grafiki, na ukiona jina la faili linaloishia na .sys liandike.

Inawaka ila haifiki kwenye Windows? Izime kwa kushikilia pawa ikiwa inaanza kuwaka, rudia mara mbili tatu mpaka ilete menyu ya matengenezo, nenda Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, au ingia Safe Mode, yaani Windows inawaka na vitu vya lazima tu. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti ya CrowdStrike, programu ya usalama ya maofisini, iliangusha mashine kama milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft, na dawa ilikuwa kuingia Safe Mode kufuta faili moja linaloanza na C-00000291, basi, aliyefomati siku ile alijichosha bure.

Wa Linux kwenu rahisi zaidi, kwenye GRUB (menyu ya kuwashia) chagua kerneli ya zamani, yaani toleo la nyuma la kiini cha Linux, kisha kwenye terminal andika journalctl -b -1 usome dakika za mwisho kabla haijazima.

Na tafadhali badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, fanya nayo kazi masaa kadhaa ndo uguse kingine, ukibadilisha vitano kwa mpigo hutajua kipi kilitibu. Ikitulia simamisha apdeti kwa muda kwenye Settings isije ikarudisha draiva ileile. Ikiendelea kuzima hata na draiva ya zamani, hapo sasa ndo iache MemTest86 ikague ramu usiku kucha.