Jinsi ya kujua kitenge cha pamba ukiwa Kibuye

Ukifika soko la Kibuye, Kisumu, usianze na bei, geuza kitambaa kwanza. Kitenge cha waksi cha ukweli, yaani kile kinachotiwa rangi kwa kutumia nta, rangi zake zimekolea karibu sawa pande zote mbili, na utaona vimistari vyembamba kama nyufa mahali nta ilipasuka rangi ikapenya, hiyo mbinu ni ya batiki ya Java kule Indonesia, Waholanzi wakaiiga na mashine karne ya 19 ndio baadaye ikashika sana Afrika. Lakini siku hizi hata hizo nyufa zinachapishwa tu, so usitegemee macho peke yake.

Omba muuzaji akuchomolee nyuzi mbili tatu pembeni, uzichomee kando mbali na vitambaa vyake. Pamba inawaka haraka, inanuka kama karatasi, na jivu lake ni laini ukilishika linapukutika. Poliesta nayo inajikunja inayeyuka halafu inabaki kadonge keusi kagumu. Ukiona yote mawili basi imechanganywa.

Na tafadhali, kabla hujampelekea fundi, loweka kitenge maji baridi usiku kucha uanike kivulini, juu pamba inarudi na gauni likisharudi huwezi kuliongeza.