Jinsi ya kumsaidia mtoto wa fomu wani asikwame na Kiingereza

Walimu wenzangu, kila Januari ni yaleyale, mtoto kasoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili halafu ghafla bailojia, fizikia, jiografia zote Kiingereza, anakaa kimya mwaka mzima tunasema mzito. Sio mzito jamani, lugha ndo imemkaba.

Mi nafanya hivi. Chukua usanisinuru, yaani mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga, hiyo walishaisoma msingi, kwahiyo naanzia hapohapo kwa Kiswahili, jani, mwanga, maji, hewa ukaa, wakishaelewa ndo nawapa majina ya Kiingereza, sita tu sio thelathini, tunatamka wote kwa sauti na wanaandika kwenye kadaftari ka misamiati. Alafu wawili wawili waelezane dakika 3 kwa lugha yoyote, baadae mmoja anasimama anasema sentensi moja ya Kiingereza. Akikosea usimkatize, mwache amalize kisha uirudie vizuri, na darasa lisimcheke, hapo kuwa mkali kweli maana akichekwa mara moja hanyooshi mkono tena.

Ijumaa rudieni maneno ya wiki iliyopita.

Na ile kumvisha mtoto kibao shingoni kisa kaongea Kiswahili, naomba tuache kabisa.