Kabla uchanje kondoo homa ya Bonde la Ufa, uliza chanjo ni gani

Watu wa Gilgil na Naivasha, huu ugonjwa ni wa kwetu kabisa, uliandikwa mara ya kwanza 1931 baada ya kondoo kutupa mimba na wana-kondoo kufa ovyo shamba moja hapo karibu na ziwa. Sasa kila ikisemwa El Niño inakuja, yaani mvua kubwa na mbu wanaoueneza, tunakimbilia chanjo, na hapo ndipo wengi huharibu.

Kabla sindano itoke muulize daktari wa mifugo, hii ni hai ama imeuawa? Ile ya zamani inayoitwa Smithburn ni virusi hai, vilitolewa kwa mbu wa Uganda 1944 vikapitishwa kwa ubongo wa panya mara nyingi mpaka makali yakapungua. Sindano moja inatosha, lakini makali hayakuisha yote, kondoo wa mimba anaweza kuitupa ama azae kilema. Na kama dume lako linatembea na majike mwaka mzima utajuaje nani amebeba? Tenga dume mapema, hakikisha hakuna mwenye mimba, chanja, ngoja wiki kadhaa ndio umrudishe. Mimi kuna mwaka nilichanja bila kutenga, hiyo hadithi wacha tu.

Iliyouawa haisumbui mimba ila lazima urudie, halafu tena kila mwaka, na kwa kondoo hamsini mfuko utalia.

Mbona wasitengeneze iliyo salama basi? Wanajaribu. Hivi virusi vina jeni inaitwa NSs, kazi yake ni kama ya mwizi anayewapa mbwa nyama ya dawa ndio aingie boma, yaani inalaza kinga ya mnyama. Ukiitoa, mbwa wanabweka mapema, virusi vinamalizwa na mwili umeshakariri sura yao. Chanjo hai inayoitwa Clone 13 ilipoteza sehemu kubwa ya hiyo jeni yenyewe, hakuna mtu aliikata, na iliruhusiwa Afrika Kusini 2010. Lakini walipojaribu dosi kubwa kwa kondoo wa mimba changa ikapenya mpaka kwa mtoto, kwa hivyo mtu akikuambia ni salama asilimia mia muulize vizuri. Wengine sasa wanakata jeni mbili, wengine wanabeba jeni ya ganda la virusi ndani ya adenovirusi ya sokwe, yaani virusi vingine, isiyoweza kuzaana, hii ya Chuo Kikuu cha Oxford inaitwa ChAdOx1 RVF.

Siku ya kuchanja weka chupa kwa kuluboksi ya barafu, digrii 2 mpaka 8, kaa kivulini, na kama ni ya hai usioshe bomba kwa spiriti juu utaiua. Ugonjwa ukishaingia bomani usichanje kiholela, ukitumia sindano moja kwa kondoo kumi unausambaza wewe mwenyewe. Mimba ikitupwa usiishike mikono mitupu, vaa glovu, fukia, halafu umpigie daktari siku hiyo hiyo.