Mtoto kanyimwa nafasi grammar school: jinsi ya kukata rufaa ukiona hakutendewa haki

Majibu ya nafasi za sekondari England hutoka tarehe 1 Machi, au siku ya kazi inayofuata kama tarehe hiyo imeangukia wikendi. Ukiwa uliijaza grammar (sekondari ya serikali inayochagua watoto kwa mtihani) kwenye fomu na mtoto akapangiwa shule nyingine, unaweza kukata rufaa mbele ya jopo huru. Hulipi ada, na wakili si lazima. (Haya ni ya England peke yake. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake, na Scotland na Wales hazina grammar za serikali.)

Tahadhari ya kwanza inakuja miezi mitano kabla. Matokeo ya 11+, yaani mtihani wa kuingia grammar, kwa kawaida hutoka Oktoba, na fomu ya halmashauri hufungwa tarehe 31 Oktoba. Mzazi akiona alama hazikutosha hukata tamaa na kuifuta ile grammar kwenye fomu. Hapo amejifungia mlango mwenyewe: rufaa ni dhidi ya kunyimwa, na hujanyimwa shule ambayo hukuiomba. Iache kwenye fomu, kisha ongeza chini yake shule ambazo mtoto ana uhakika nazo. Machi ikifika, ikubali nafasi uliyopewa. Kuikubali hakupunguzi nguvu ya rufaa, na kuikataa kunaweza kumwacha mtoto hana shule Septemba.

Sasa tambua mtoto amekosa kwa namna gani, maana kesi ni mbili na hazifanani. Yupo aliyefikia alama ya kufaulu lakini shule ikajaa. Na yupo ambaye hakuifikia. Barua ya kukataliwa husema ni ipi. Kama haisemi, uliza kwa maandishi siku hiyohiyo.

Aliyefaulu akakosa nafasi ndiye mwenye uwanja mpana wa hoja za haki. Jopo huanza kwa kuuliza kama taratibu za udahili za shule zinafuata sheria, na kama zilitumika sawasawa na bila upendeleo kwa mtoto huyu. Likikuta kasoro, na likaona kwamba bila kasoro hiyo mtoto angepata nafasi, lazima likupe ushindi. Usiisahau ile nusu ya pili. Tuseme shule ilipima umbali wa nyumba yako ikapata maili 3.1 wakati ni 2.9, na mtoto wa mwisho kupokewa anaishi maili 2.4. Kosa lipo kweli, lakini halikumnyima mtoto wako kitu. Angekuwa wa mwisho yuko maili 3.0, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno moja la malalamiko, omba takwimu: nafasi zilizotangazwa, waombaji waliofaulu, kundi la kipaumbele alilowekwa mtoto wako, umbali au alama ya mtoto wa mwisho kupokewa, na jinsi umbali unavyopimwa. Kanuni za Rufaa za Udahili za 2022 zinailazimu shule kujibu maombi ya namna hii yakiwa ya kiasi. Angalia pia kama mtoto alistahili kipaumbele asichopewa. Grammar nyingi siku hizi huwatanguliza watoto wenye haki ya chakula cha bure shuleni, na fomu ya ziada ya kuthibitisha hilo ndiyo wazazi wageni huisahau mara nyingi.

Isipopatikana kasoro ya namna hiyo, jopo hupima mizani: madhara ya shule kubeba mtoto mmoja zaidi dhidi ya sababu za mtoto wako kuihitaji shule hiyo. Hapo eleza kile ambacho shule hiyo inacho na uliyopangiwa haina. Sifa ya shule kwa watu haina uzito.

Kwa mtoto ambaye hakufikia alama, mambo ni magumu zaidi. Jopo haliruhusiwi kumtungia mtihani wake wala kushusha alama ya kufaulu. Linaweza kukubali rufaa pale tu ushahidi unapoonyesha kwamba mtoto ana kiwango cha grammar, na, kama shule imejaa, hoja zako zikazidi madhara ya kuongeza mtoto. Hivyo kelele ndani ya chumba cha mtihani, ugonjwa wa asubuhi ile, au dakika za ziada zilizoidhinishwa zisitolewe, vyote hivyo vinaeleza tu kwa nini alama ilishuka. Uwezo wa mtoto unathibitishwa na karatasi nyingine, na ni lazima ulete vyote viwili. Anayeleta cheti cha daktari peke yake hutoka na pole za jopo na barua ya kukataliwa.

Ushahidi wa uwezo unatoka shule ya msingi. Mtihani wa kitaifa wa mwisho wa msingi, SATs, hufanyika Mei na matokeo yake hutoka Julai, na kwa kawaida rufaa huwa imeshasikilizwa. Kusanya ripoti za mwaka wa 5 na wa 6, matokeo ya majaribio ya SATs yenye tarehe, na alama za CAT (jaribio la uwezo wa kufikiri) kama shule huzipima. Kisha mwombe mwalimu mkuu barua. Barua isemayo "ni mtoto mwenye bidii, adabu na anayependwa na wenzake" haina kazi hapa, hata ikiwa ya kurasa mbili. Inayofanya kazi husema hivi, kwa mfano: "Yuko kundi la juu la hesabu tangu Septemba. CAT ya hesabu alipata 128, ambapo wastani wa taifa ni 100. Kwa maoni yangu ana kiwango cha grammar, na alama yake ya 11+ hailingani na kazi yake ya darasani." Mwalimu mkuu asipotaka kuandika sentensi ya mwisho, omba takwimu tupu zenye sahihi yake.

Kaunti ya Buckinghamshire ina jambo lake. Alama ya kupita moja kwa moja ni 121, na aliyepungukiwa anaweza kuomba mapitio ya matokeo yake kabla ya rufaa. Ukishaomba mapitio, jopo la rufaa huanza kwa kuuliza kama yalifanywa kwa haki, kwa usawa na kwa vigezo vya wazi. Likiridhika kwamba ndivyo, halifiki kwenye ripoti za mtoto. Fikiri vizuri kabla ya kuomba mapitio ukiwa na ushahidi nusu.

Kuna malalamiko yanayosikika sana na yasiyofika popote: kwamba watoto wa matajiri wananunuliwa tuisheni, kwamba mtihani wenyewe hauna haki, kwamba alama hurekebishwa kwa umri. Hilo la umri ni utaratibu wa kawaida, mtoto wa Agosti asiumizwe na kupimwa na wa Septemba aliyemzidi karibu mwaka mzima. Ukiamini vigezo vya shule vyenyewe vinakiuka sheria, unaweza pia kuvipinga kwa Msuluhishi wa Shule (Schools Adjudicator) kufikia tarehe 15 Mei, lakini yeye hampi mtoto wako nafasi.

Barua yako ya rufaa isizidi kurasa mbili, aya zikiwa na namba na kila dai likitaja karatasi inayolithibitisha. Muda wa kuiwasilisha hauwezi kuwa chini ya siku 20 za shule tangu upate jibu. Wikendi na likizo hazihesabiwi. Utapewa tarehe ya kikao angalau siku 10 za shule kabla. Ukihitaji mkalimani, mwambie karani wa jopo mapema kwa maandishi. Usimtume mtoto mkubwa kutafsiri: atalainisha maneno yako, au atayafanya makali zaidi.

Kikaoni kuna watu watatu au zaidi, na mwakilishi wa shule huanza. Maswali yako kwake yawe mafupi na ya kujibika: "Kumbukumbu za msimamizi wa chumba zinasema mtihani ulianza saa ngapi?" Unaruhusiwa kuja na rafiki au mwakilishi. Uamuzi kwa kawaida huja kwa barua ndani ya siku 5 za shule, na shule inafungwa nao.

Ukishindwa, hurudii rufaa ya shule hiyo kwa mwaka huohuo, isipokuwa hali imebadilika sana na shule yenyewe ikakubali. Kikao kikiendeshwa vibaya, mfano karatasi zako hazikusomwa au ulinyimwa nafasi ya kuuliza, lalamika kwa Ombudsman (mchunguzi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa. Kwa shule ya akademi, yaani ya serikali lakini isiyo chini ya halmashauri, lalamika kwa Wizara ya Elimu. Wanaweza kupendekeza kikao kipya mbele ya jopo jingine. Na kama mtoto alifikia alama, hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya kusubiri, ambayo shule lazima iitunze hadi angalau tarehe 31 Desemba.