Kumlea Farasi Mchanga Katika Zizi la Kulipia

Mkazi wa Nairobi mwenye farasi mchanga lakini asiye na shamba la kumweka humpeleka katika zizi la kulipia kwa mwezi, mara nyingi upande wa Karen au Lang'ata, na kumtembelea mwishoni mwa juma. Kabla ya kulinganisha bei yampasa akubali kwamba mwalimu mkuu wa farasi huyo atakuwa saisi anayemtoa bandani asubuhi na kumrudisha jioni. Farasi hujifunza kila anaposhikwa, na siku tano za kuvutwa ovyo huyafuta yote uliyomfundisha Jumamosi.

Kwa hiyo, unapokagua zizi, simama kando uwatazame masaisi wakiwapeleka farasi malishoni, kisha uliza kama atakayempokea wako ataendelea kumhudumia yeye yule. Malisho ni muhimu kuliko banda. Farasi aliyeachishwa kunyonya, kwa kawaida akiwa na miezi minne hadi sita, anapaswa kushinda nje na wenzake, kwa kuwa mwendo ndio unaoimarisha mifupa na kano zake, na farasi wazima humfunza kutouma kwa ustadi ambao binadamu hana. Zizi la fahari lisilo na uwanja wa kutosha halimfai.

Andikianeni mkataba unaoeleza nani atamwita daktari wa mifugo, na kiasi gani kinaweza kutumika usipopatikana kwa simu. Farasi hawezi kutapika, na msokoto wa tumbo unaweza kumwua kabla hujafika. Mkataba utaje pia chanjo ya pepopunda na ile ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi. Kwa kuwa wadudu hao huuma zaidi kati ya machweo na alfajiri, farasi aingizwe bandani kabla jua halijazama, hasa majira ya mvua. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane.

Chakula chake kikuu kiwe nyasi: farasi wa kilo 250 huhitaji takribani kilo 5 za nyasi kavu kwa siku, kwa mfano boma rhodes, pamoja na madini. Usimwongezee nafaka ili anenepe upesi, kwani ukuaji wa kasi huharibu viungo.

Kuhusu mafunzo, keti na saisi mkubaliane maneno machache, kama vile "simama", "twende" na "rudi", yatakayotumiwa na kila mtu. Kamba ivutwe polepole na ilegezwe papo hapo farasi anapopiga hatua, kwa sababu kulegezwa huko ndiko kunakomwonyesha kwamba amefanya sawa. Dakika 10 hadi 15 kwa kila somo zinatosha: kuongozwa kutoka pande zote mbili, kuinuliwa miguu, kusimama akipigwa brashi, na baadaye kupanda lori bila hofu. Siku ya ziara yako, muulize kwanza saisi wamefikia wapi, nawe uendelee kutoka hapo. Karoti itiwe katika ndoo, maana anayelishwa mkononi hivi hivi hujifunza kupekua mifuko na kuuma.

Katika mbio za Ngong utaona farasi wa miaka miwili wakishindana, lakini hiyo ni ratiba ya biashara ya mbio. Sehemu za mifupa zinazokua, zilizo juu ya magoti, huendelea kufunga na kuwa mfupa mgumu hadi karibu miaka miwili na nusu, na zile za uti wa mgongo huchukua miaka mitano au zaidi. Binafsi ningengoja atimize miaka mitatu na nusu kabla ya kupandwa, na hata hapo ningempa mpandaji mwepesi kwa muda mfupi. Kabla ya kuvishwa lijamu, daktari amkague kinywa, kwa kuwa vijino vilivyo mbele ya magego huweza kumwumiza. Siku ya kupandwa mara ya kwanza, mkufunzi yeyote utakayemwajiri afanye kazi huku saisi yule yule akimshika farasi kichwani, na saisi huyo alipwe kwa kazi hiyo.